Mdhamini wa Flavia

Siku ile umeme ulikuwa umerudi Mbinga baada ya siku mbili, na duka la fotokopi karibu na stendi lilijaa watu hadi barazani. Flavia alikuwa mbele, sweta la zambarau, kitenge kiunoni, machozi yanamlengalenga. Kijana mrefu mwenye koti lililopauka akajipenyeza hadi ubavuni pake.

"Wewe kaka, foleni huioni?"

"Naiona, dada. Nimekuona unalia nikaisahau."

Mwongo! Alikuwa anawahisha fomu za wakulima tu. Osward alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Lakini alipouliza kulikoni, alisikiliza kweli. Flavia alikuwa amepata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii. Ada, chumba na posho, vyote vingelipwa. Sharti lilikuwa moja: akihitimu, afanye kazi ya kulinda watoto miaka miwili, popote atakapopangiwa. Fomu ilitaka mdhamini mwenye ajira, mwisho wa kuituma ulikuwa siku hiyo hiyo, na mjomba aliyeahidi kusaini alikuwa amezima simu.

"Lete kalamu," Osward akasema.

"Jamani, hata hunijui!"

"Ukitoroka nitakutafuta. Tutajuana huko huko."

Flavia akacheka huku anafuta kamasi. Mapenzi yao yalianzia hapo, na msinibishie.

Sasa, Osward ni mtu wa kahawa. Kwake ufadhili ulikuwa kama mbolea ya mkopo: unachukua, unavuna, chama kinakata chake, umemaliza, uko huru. Flavia alimsikia akisema hivyo mara nyingi, na hakumsahihisha hata mara moja. Aliogopa kumpoteza.

Akasoma, akahitimu, akapangiwa Mbamba Bay, huko chini ziwani kwenye joto. Wakawa wanaishi kwenye simu.

"Umekula nini, mama?"

"Ugali wa muhogo na usipa."

"Usipa tena? Utaota mapezi wewe!"

"Njoo uyahesabu."

Wakicheka, wakikata simu, kila mmoja alibaki na kuta zake nne. Flavia aliumia kwa upweke. Mchana kutwa watu walimletea shida za watoto, na shida hizo hazisemwi nje ya ofisi, hata kwa mchumba. Akirudi kwake alikuwa amejaa maneno na hana wa kumwambia.

Mwaka wa pili, Aprili, Osward akamtuma baba yake mdogo, mzee Baltazar, apeleke posa Maguu kwa kina Flavia siku ya Jumamosi, naye Flavia akaahidi kufika. Desturi inajulikana: binti huitwa mbele ya wazee, akaulizwa kama wageni anawafahamu. Wazee wakakaa, soda zikafunguliwa, binti akaitwa. Binti hayupo! Simu haipatikani. Mzee Baltazar akarudi na barua yake mfukoni.

Kesho yake Flavia akapiga.

"Osward, nisamehe. Nilikuwa kazini."

"Kazi gani Jumamosi?"

"Siwezi kusema, mpenzi."

"Huwezi au hutaki? Umemwaibisha baba mdogo mbele za watu, Flavia!"

Akakata. Laiti angejua! Siku hiyo Flavia alikuwa hospitali na mtoto wa miaka saba aliyeumizwa na ndugu zake mwenyewe. Mtoto alimshika mkono tangu Ijumaa na hakutaka kuuachia, naye hakuwa na moyo wa kuuchomoa.

Miezi mitatu wakanuniana. Osward alipokea kahawa za watu, akapima, akaandika, akala mihogo ya kuchemsha peke yake nyuma ya ghala. Flavia alikaa kizingitini na simu magotini, akiitazama tu.

Julai miaka miwili ikatimia. Osward akapiga pasi shati la bluu, akateremka Mbamba Bay. Alimkuta kwenye baraza la ofisi, gauni la njano limempwaya, amekonda. Hasira zote zikamwisha.

"Kusanya vitu, mama. Mkataba umekwisha. Twende nyumbani."

Flavia akamsogezea kiti.

"Nimeomba kubaki, Osward."

"Wamekuongezea muda?"

Hapo ndipo Flavia angeweza kuitikia tu. Neno moja, "ndiyo", na mwanaume angebaki wake.

"Niambie wamekulazimisha," Osward akasema. "Kama ni mkataba nitasubiri, hata miaka mitatu. Nimeshazoea. Lakini kama ni wewe..."

"Hakuna aliyenilazimisha. Ni mimi."

"Na mimi je?"

"Nakupenda mpaka naugua. Lakini hawa watoto nikiwaacha, najua nani atakuja baada yangu: hakuna. Hamia huku basi."

"Nani atamtazama mama yangu? Na kahawa ya marehemu baba nimwachie nani?"

Wakatembea hadi stendi bila kushikana mikono. Osward akapanda, akakaa upande wa pili ili wasionane, gari likaondoka.

Flavia alirudi ofisini akilia njiani mchana kweupe, watu wanamtazama. Mlangoni alimkuta bibi mmoja amemshika mjukuu wake bega.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu? Umefiwa?"

"Hapana, bibi," Flavia akasema, akafungua mlango. "Karibuni ndani. Mtoto anaitwa nani?"