Likizo Anayoiweza Ansar

Asubuhi Raushan huwa wa kwanza kuamka. Huchemsha maziwa ya chai, kisha humvalisha Inkar nguo za chekechea huku Ansar akimng'ang'ania mguuni. Inkar ana miaka mitano. Ansar bado hajafika miwili. Wanaishi ghorofa ya juu katika jengo letu hapa Almaty, na ukipita ngazini saa hiyo utawasikia. Kiatu kimoja hakionekani, uji umemwagika, mmoja anacheka, mwingine analia.

Baba yao, Temirlan, hasikiki. Yeye hufanya kazi kwenye visima vya mafuta, mbali huko magharibi. Akienda zamu hukaa sana. Akirudi hukaa kidogo.

Kiangazi kile alirudi akiwa amebeba mwanasesere mkubwa na gari la kuchezea. Inkar alimrukia shingoni. Ansar alimtazama, akaficha uso kwenye gauni la mama yake. Temirlan alipomnyanyua, mtoto alipiga kelele hadi majirani tukafungua milango.

"Mpe muda," Raushan alisema.

"Muda gani? Mimi ni baba yake, si fundi aliyekuja kusoma mita ya umeme!"

Raushan alicheka. Temirlan hakucheka.

Jioni alikuja na wazo. Wenzake kazini walikuwa wamemwonyesha picha za likizo zao: majengo yanayogusa mawingu, maduka yenye samaki nyuma ya vioo, ngamia waliovishwa mapambo.

"Mama Inkar, tunakwenda Dubai," alisema. "Tukitoka huko tunapitia Istanbul. Hata Ansar atajua baba yake ni nani."

Raushan alikuwa akikunja nguo. "Dubai mwezi wa saba? Kwenye joto lile?"

"Kuna viyoyozi kila mahali."

"Kwa hiyo tutapanda ndege tukakae ndani?"

"Kila nikisema kitu, unapinga!"

"Sijapinga. Nimeuliza tu."

Lakini sauti yake ilikuwa imechoka, na Temirlan alilisikia hilo. Akavaa viatu, akashuka ngazi kwenda kwa Shangazi Gulbarshin.

Gulbarshin anakaa chini kabisa. Ana ofisi ya kuuza safari, na amelea watoto wanne. Alimmiminia Temirlan chai, akasogeza bakuli la maandazi, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Naweza kukuuzia hiyo safari sasa hivi," alisema. "Mimi nitapata kamisheni yangu. Wewe utapata talaka."

"Ah, Shangazi!"

"Usiniambie ah. Hebu nijibu. Ansar analala mchana saa ngapi?"

Temirlan alichukua andazi, akalirudisha.

"Akipanda gari hutapika au hatapiki?"

"Sidhani kama..."

"Anaogopa nini? Kelele? Umati? Maji?"

Temirlan aliangalia chai yake. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

"Mwanangu, sikucheki," Gulbarshin alisema kwa upole. "Uko kazini kwa ajili yao. Ila watu wengi huchagua mahali kwanza, halafu huwaburuta watoto mpaka huko. Anza na watoto. Tena anza na mdogo kuliko wote, kwa sababu yeye akishindwa, nyote mmeshindwa. Akilia, hakuna atakayeliona hilo jengo refu. Kaa nao siku chache. Mwache Raushan apumzike. Ukishawajua, njoo tuchague."

Siku iliyofuata Temirlan alimwambia mke wake, "Leo wewe nenda kwa dada yako. Watoto niachie mimi."

Raushan alimkagua uso kuona kama anatania. Kisha akachukua mkoba wake haraka, asije akabadilisha mawazo.

Ilikuwa siku ngumu. Temirlan aliwapeleka watoto kwenye duka kubwa lenye michezo. Taa zilimulika, muziki ulipiga, na Ansar akajiziba masikio na kulia. Wakaenda kula. Ansar alikataa kila kitu isipokuwa wali mtupu. Wakati wa kurudi alitapika kwenye gari, kisha akasinzia huku amechafuka hivyo hivyo.

Alipoamka, Temirlan alimweka ndani ya beseni uani, akampa vikombe viwili. Alitaka tu kumsafisha. Ansar akaanza kumimina maji kutoka kikombe hiki kwenda kile. Akamimina na kumimina. Hakulia tena. Inkar alikaa kando akichimba shimo kwa kijiko.

"Inkar, ukienda likizo unataka kuona nini?" Temirlan aliuliza.

"Nataka kuchimba."

"Hutaki kuona ngamia?"

"Ngamia anachimba?"

Temirlan akacheka peke yake pale uani.

Baada ya siku chache alirudi kwa Gulbarshin, safari hii pamoja na Raushan.

"Shangazi, tunataka maji na mchanga," alisema. "Mahali pasipo na kelele. Njiani tusizidi siku moja. Ansar analala baada ya chakula cha mchana, na asipolala anakuwa simba."

Raushan aligeuka kumtazama mumewe.

"Sasa ndiyo tunaongea," Gulbarshin alisema. "Vukeni mpaka, nendeni Kirgizia, Ziwa Issyk-Kul. Ni nchi nyingine, lakini chakula chao mnakijua na lugha mtaelewana. Msikae penye disko na pikipiki za majini. Tafuteni kijiji kimya, nyumba ya wageni yenye jiko, ili mtoto apikiwe wali wake. Kabla ya kulipa, ulizeni mambo haya: maji ya ufuoni yana kina gani, kama bustani ina uzio, na zahanati iko umbali gani."

"Na karatasi?" Raushan aliuliza.

"Kila mtoto awe na pasipoti yake, hata huyu wa nepi. Angalieni tarehe leo, msingoje siku ya safari. Chukueni bima. Bebeni dawa ya homa na ya kuhara mliyopewa na daktari wenu. Jua la kule ni kali kuliko la hapa, maana ziwa liko juu milimani. Upepo unakudanganya kwamba kuna baridi, kumbe ngozi inaungua. Kofia, nguo za mikono mirefu, na mchana kaeni kivulini."

"Na majini?" Raushan aliuliza tena.

"Majini mtu mzima mmoja yuko karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono. Hashiki simu. Jaketi la kuelea ni zuri, lakini halichukui nafasi ya mzazi." Akamnyooshea Temirlan kidole. "Na wewe, usijaze ratiba. Jambo moja kwa siku linatosha. Siku nyingine hata hilo moja liacheni."

Waliondoka alfajiri ili watoto walale garini. Kila baada ya muda walisimama, wakashuka, wakanyoosha miguu. Mpakani, ambapo dereva peke yake huruhusiwa kubaki garini, Temirlan alipita na gari, na Raushan akavuka kwa miguu pamoja na watoto. Foleni ilikuwa ndefu, lakini alikuwa na maji, biskuti na nguo za kubadilisha. Ansar alitapika mara moja tu.

Walifika jioni. Ziwa lilikuwa la bluu, na ng'ambo yake milima ilikuwa na theluji. Mama mwenye nyumba aliwapa mkate wa moto na jamu ya aprikoti. Watoto walilala bila kubembelezwa.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Siku ya pili Temirlan alianza kuhangaika.

"Kuna korongo lenye miamba myekundu," alisema. "Si mbali. Tumekuja nchi ya watu, tutakaa tu?"

"Karibu ni saa ya Ansar kulala," Raushan alisema.

"Atalala garini."

Hakulala. Barabara ilikuwa ya mashimo na vumbi. Ansar alilia, akatapika, Inkar naye akaanza kulia kwa sababu mwenzake analia. Raushan aliangalia dirishani. Temirlan alilijua vizuri kosa lake. Alisimamisha gari kando ya njia, akazima injini.

"Mama Inkar."

"Nini?"

"Tunarudi. Hilo korongo litatungoja mpaka huyu bwana akue."

Raushan alitaka kukaza uso, akashindwa, akacheka.

Baada ya hapo hawakwenda tena popote. Asubuhi walishuka ufuoni, penye maji ya chini ya goti la Inkar. Temirlan aliacha simu chumbani. Alikaa majini, miguu ameinyoosha, watoto wakiwa mbele yake. Raushan alilala kivulini na kofia usoni. Wakati mwingine alisoma. Wakati mwingine alisinzia tu, jambo ambalo hakulifanya mchana tangu Ansar azaliwe.

Mwanzoni Ansar alicheza mbali kidogo na baba yake. Temirlan hakumvuta. Alikaa tu, akiwa karibu. Siku moja Ansar alijaza kikombe, akamwangalia, kisha akammwagia maji tumboni. Maji ya Issyk-Kul ni baridi. Temirlan aliruka akipiga yowe. Ansar akacheka mpaka akaketi. Akaenda kujaza tena.

"Hapana! Nionee huruma!" Temirlan alisema, huku akiliacha tumbo wazi.

Saa ya kulala ilipofika, Raushan alinyoosha mikono amchukue. Ansar alikuwa amekwisha kupanda kifuani kwa baba yake, amelowa, ana mchanga hadi kwenye nyusi. Akalala pale pale. Temirlan alirudi nyuma taratibu mpaka kivulini, akabaki hivyo mpaka mkono ukafa ganzi.

"Nikuletee mto?" Raushan alinong'ona.

"Usilete kitu. Usipumue."

Siku ya kurudi, mpakani, Raushan alisimama tena kwenye foleni na watoto. Afisa alizipokea pasipoti, akainama kumwona Inkar.

"Haya, dada mkubwa. Umetembea nchi ya watu. Umeona nini huko?"

"Nimeona bata," Inkar alisema. Akafikiri kidogo. "Na baba."