Picha Isiyo na Uso

"Mbona umenitia uso, Hadi?"

Salme alisimama mlangoni mwa karakana ya mchumba wake kule Magogoni, ameshika picha iliyobandikwa Kisauni nzima asubuhi ile. Ilimwonyesha hakimu wa eneo lao ameshika mizani, mikono imejaa vikuku vya kike hadi viwikoni. Mbele yake mwanamke amepiga magoti. Juzi tu walikuwa wakichapa pamoja, Hadi akipaka ubao wino na Salme akisugua karatasi kwa mgongo wa kijiko, na mwanamke yule alikuwa amejifunika buibui gubigubi. Sasa alikuwa na macho ya Salme na kipini cha Salme puani.

"Picha isiyo na uso haichekeshi," alijibu Hadi, hata patasi hakuiweka chini. "Na anayechekwa ni hakimu, si wewe."

Siri ile Salme alimwambia yeye peke yake: kwamba alimpelekea hakimu vikuku vya marehemu mamake ili kakake, Yeslam, aachiwe. Mpenzi akaitia uso, akaibandika ukutani. Mapenzi gani hayo, jamani?

Salme alilia, akaapa hataki kumwona tena. Lakini askari walipoukuta ule ubao chini ya kitanda cha Hadi na kumshtaki kwa kumzulia hakimu, alikwenda kumtazama korokoroni.

"Sema ni kweli, Salme. Usiposema nafungwa. Wallahi nikitoka tu, nakuoa."

Basi akasema. Mahakamani mjini, watu wamejaa hadi madirishani, jaji alimuuliza kama anamjua mwanamke wa kwenye picha. Salme akafunua uso wake ili wote waulinganishe.

"Ni mimi, bwana jaji."

Sheria ikafanya kazi yake, ile tunayoijua. Hadi aliachiwa kwa kuwa hakuzua kitu. Hakimu alihamishiwa wilaya nyengine, yeye na vikuku vyake. Salme, kwa kuwa amekiri kutoa rushwa, alifungwa miezi sita.

Hadi hakwenda kumwona hata mara moja. Alimpelekea kijibarua: "Nakushukuru, Salme. Mama hataki mkwe aliyetoka jela. Nisamehe."

Salme alitoka kifungoni wiki ambayo Hadi alikuwa akimuoa Kuluthum, binti wa tajiri mmoja wa Likoni. Hakwenda kugombana na mtu. Alinunua wino na patasi, akajifungia ndani.

Siku ya nikahi, bwana harusi na watu wake walikuta kila ukuta wa njia ya msikitini una picha. Mwanamke amefungwa minyororo, na chini ya buibui lake amejificha mwanamume aliyevaa joho la harusi, anachungulia. Mistari ilikuwa ya mtu anayejifunza, lakini uso ulikuwa wa Hadi, hata mtoto aliujua. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Babake Kuluthum aliitazama sana ile picha, akauliza habari zake, akaelezwa. Hakufika msikitini.

Adhuhuri Hadi alibisha kwa Salme, joho lingali mwilini.

"Umenivunjia ndoa. Si ungenichora bila uso?"

"Picha isiyo na uso haichekeshi, Hadi. Wewe ndiye uliyenambia."

Akafunga mlango, akarudi kwenye kijiko chake. Bado alikuwa na karatasi nyingi.