Maziwa ya Mashine

Baba Pacha alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na chuma kilimtii. Alikifunga kwenye mashine, kikazunguka mbio, naye akakinyoa kama kinyozi. Juu ya chuma hicho yalimiminika mafuta yaliyochanganywa na maji, ili chuma kisipate moto. Kwa weupe wake, mafundi waliyaita maziwa.

Maziwa hayo yaliijaza karakana ukungu. Kila alipomaliza kipande, Baba Pacha alikisafisha kwa upepo wa kompresa. Pshaaa! Ukungu ukamrudia usoni.

"Maziwa hayajaua mtu!" mafundi walitaniana.

Lakini kifua kilianza kumbana. Ngazi za nyumbani alizipanda akihema kama mvukuto. Mkewe aliomba Mungu, akangoja, akaomba tena. Mwishowe akasema, "Baba Pacha, chagua. Kifua au kazi. Sitaki kulea pacha peke yangu."

"Nikiacha kukereza, nitakuwa nani, mke wangu?"

Hapo kikohozi kikamshika. Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yao, muuguzi wa kliniki.

"Shemeji, unakohoa au unabomoa ukuta?"

"Ni baridi tu, shemeji."

"Baridi gani inayokwenda likizo?" Mama Pacha alidakia. "Siku za mapumziko hakohoi. Akirudi kazini tu, kinaanza!"

Muuguzi alisimama wima. "Rudia hapo! Hukohoi ukiwa mapumzikoni? Basi ugonjwa unatoka kazini. Kuna nini huko?"

Baba Pacha akaeleza habari za maziwa.

"Ng'ombe wenu mnamkamua wapi?" muuguzi alicheka, kisha akawa makini. "Shemeji, jina haligeuzi mafuta. Mashine ikizunguka kasi, inayarusha yawe matone madogo mno. Ukivuta pumzi, yanafika ndani ya mapafu. Njia za hewa zinawashwa, zinavimba, zinabana. Mafuta yakikaa muda mrefu bila kubadilishwa, vijidudu huota humo, navyo unavivuta."

"Basi nitafunga kitambaa puani."

"Wavu unazuia maji? Ndivyo kitambaa kitakavyozuia ukungu huo. Kesho njoo tukupime."

Kesho yake, kliniki, Baba Pacha alipuliza kwa nguvu zake zote kwenye kipimo cha pumzi. Mshale ulijivuta, ukasimama chini. Daktari alimpa dawa ya kuvuta na kumwambia wazi: dawa bila kuondoa ukungu ni kazi bure. Muuguzi akafuatana naye hadi kwa bosi.

"Mnataka nifunge karakana?" bosi alifoka.

"Funga mashine, bosi, si karakana!" alijibu muuguzi. "Zifunike, mafuta yasiruke. Wekeni feni na bomba la kunyonya ukungu pale pale unapotokea. Mafuta yakichafuka, badilisheni. Vipande visafishwe kwa brashi, si kwa kompresa."

Bosi alifungua kinywa abishe. Badala ya maneno, kikatoka kikohozi. Karakana nzima ikaangua kicheko, naye mwenyewe akacheka.

"Vifuniko tutavipata wapi?" aliuliza akifuta machozi.

"Bosi!" Baba Pacha alipaza sauti. "Mafundi wa chuma tushindwe kutengeneza kifuniko?"

Basi kazi ikawaka moto! Huyu alikata bati, yule alichomelea, mwingine alifunga bomba. Feni ilipowashwa, ukungu ulivutwa wote juu kama ulioitwa jina. Mafundi walishangilia. Kwa mara ya kwanza waliona kwamba ukuta wa upande wa pili wa karakana ulikuwa wa bluu!

Miezi ikapita. Baba Pacha alirudi kliniki na mkewe. Alifumba macho, akanong'ona sala fupi, akapuliza. Mshale ukapanda, ukapita alama ya kwanza, ukazidi kupanda.

Mama Pacha alipiga vigelegele hadi wagonjwa kwenye foleni wakasimama.

"Mama, hapa ni kliniki!" daktari alisema akitabasamu.

"Niache nimshukuru Mungu, daktari!" Kisha akamgeukia mumewe, akamsukuma taratibu kuelekea mlangoni. "Na wewe umesimama nini? Nenda kazini, unachelewa!"