Sinia Lililompita

Duka la vitambaa lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Watu walisukumana, wauzaji walipima na kukata bila hata kuinua macho. Fundi Sindano, mshonaji mwembamba aliyeitwa hivyo kwa umbo lake na pia kwa ulimi wake, alikuwa ameshaweka mkono juu ya jora la mwisho la kitambaa cha bluu alipohisi linavutwa upande wa pili. Akavuta. Likavutwa tena.

"Kaka, hili nimeshalichukua."

"Na mimi je, dada? Nimekuja kulishika mkia tu?"

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi kali, sauti nzito iliyowafanya hata wauzaji wageuke. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Wenzake walimwita King'ora.

"Unataka kushona nini?" Sindano akauliza.

"Tai za kwaya ya kanisani kwetu."

"Tai! Mimi nashona magauni ya kwaya nzima, wewe unanigombania jora kwa ajili ya tai?"

"Jora chukua. Sasa hivi nagombania namba yako ya simu."

Sindano alicheka bila kupenda. Alilipa, akaahidi kwamba kwa kitakachobaki atamshonea hizo tai. Akazishona. King'ora akarudi kusema moja ni fupi, akarudi tena kusema nyingine ni pana. Hakuna tai duniani zilizowahi kurekebishwa kiasi kile. Majirani wa chumba cha ushonaji wakaanza kutabasamu, maana mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Wakawa watu wa simu.

"Umefika salama, laazizi?"

"Nimefika, ila moyo nimeusahau kwenye cherehani yako."

"Usijali, nitautia kifungo usidondoke tena."

Jambo moja tu walilipitia kwa kunyata. Kanisani kwa Sindano, ubatizo ulikuwa wa maji mengi: mtu mzima anazamishwa akijua anachokifanya. Kanisani kwa King'ora, watoto walibatizwa wachanga, kwa maji ya kiganja. Na baba yake Sindano, seremala mjane aliyemlea bintiye peke yake, alikuwa mzee wa kanisa asiyepindishwa. King'ora alipofika nyumbani kwao alimpa kiti na chai, akamuuliza habari za kazi. Habari za imani hakumuuliza hata mara moja, kana kwamba kijana hana.

Jumapili moja King'ora akasema, "Leo nitakuja kusali kwenu. Nataka kukuona ukihudumu."

Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Sindano alikuwa shemasi, amevaa gauni jeupe alilolishona mwenyewe, amebeba sinia la mkate. Mwanzoni mwa ibada mchungaji alikuwa ametangaza, kama kawaida, kwamba ambao hawakuzamishwa waliache sinia lipite. King'ora hakusikia. Alitoka zamu moja kwa moja, akaingia wimbo wa pili ukiimbwa, akakaa pembeni ya benchi la tatu.

Sindano alipofika kwake, King'ora akanyoosha mkono. Vidole vyake vilikuwa vimeshakaribia mkate. Sindano akainua macho akakutana na ya baba yake, aliyekuwa amesimama mbele, amekaza uso. Akaliinua sinia, akalipitisha juu ya mkono ule, akamkabidhi mama aliyeketi kando ya King'ora. Hakusema neno. Hakumtazama hata usoni.

Mkono wa King'ora ukabaki hewani kidogo, kisha akaurudisha gotini. Wimbo wa mwisho ulipoanza hakuwepo tena.

Alasiri Sindano akampigia.

"Mpenzi, ni sheria ya kanisa. Ungewahi ungesikia tangazo."

"Sheria sikuilaumu," King'ora akasema taratibu. "Na kwetu zipo. Ungeninong'oneza tu, 'subiri, nitakueleza.' Ulinipita kama mtu usiyemjua."

"Baba alikuwa ananitazama."

"Na mimi nilikuwa nakutazama."

Sindano akaketi kwenye kiti cha cherehani.

"Nilizaliwa sipumui vizuri," King'ora akaendelea. "Wauguzi walishamwambia mama ajiandae kwa lolote. Akaomba maji kwenye kikombe cha wodini, mchungaji aliyeitwa akanibatiza nikiwa mikononi mwa mama, naye amepiga magoti sakafuni. Huo ndio ubatizo wangu. Sina mwingine na sitafuti mwingine. Kama kwenu si kitu, mama yangu nimwambie nini? Kwamba alipiga magoti bure?"

"Sijasema hivyo."

"Sinia lilisema."

Akakata simu, na baada ya hapo hakupiga tena.

Sindano aliendelea kushona kwa sababu kazi haiulizi hali ya moyo. Alishona zipu kichwa chini miguu juu, akafumua, akairudia vilevile. Kila jioni aliandika ujumbe na kuufuta. Lilimuuma jambo moja kuliko yote: angekuwa mgeni yeyote mwingine, angemwinamia na kumtabasamia. Aliyempenda ndiye aliyemwonea haya.

Baba yake akaona sahani zinarudi jikoni na chakula chake. Akauliza. Sindano akamweleza yote, hadi kile kikombe cha wodini.

"Maji machache ni maji machache," mzee akasema, akaendelea kula. Lakini na yeye hakumaliza.

Meza ya Bwana ikarudi tena. Safari hii Sindano alimwomba shemasi mwenzake amshikie zamu, akaenda kuketi benchi la nyuma kabisa, wanapokaa wageni. Sinia la upande ule alilibeba baba yake. Alipomfikia bintiye akashtuka.

"Pokea, mwanangu."

"Siwezi, baba."

Mzee akainama, uso umejaa hofu ya kweli. "Umefanya dhambi gani?"

"Nimemwaibisha mtu anayempenda Bwana huyuhuyu. Sijapatana naye. Wewe mwenyewe umetufundisha, mwenye ugomvi na ndugu yake asiikaribie meza. Nitakulaje?"

"Ndugu yake," mzee akarudia polepole. Watu walikuwa wameanza kugeuka. "Basi nenda ukapatane naye. Nenda sasa hivi."

Sindano akainuka katikati ya ibada akatoka.

Alimkuta King'ora kwenye maegesho ya hospitali, mikono ya shati imekunjwa, anafuta kitanda cha gari kwa kitambaa chenye harufu kali ya dawa. Alimwona, akaendelea kufuta.

"Nani mgonjwa?" akauliza.

"Mimi."

"Foleni iko kule mapokezi."

"King'ora, nisikilize. Nilikuonea haya mbele ya watu. Si sheria iliyokuumiza, ni mimi. Nilimwogopa baba kuliko nilivyokupenda. Nisamehe."

King'ora akaacha kufuta. "Mbona uko hapa saa hizi? Leo si Meza ya Bwana kwenu?"

"Ndiyo. Sikula. Nilikaa benchi la wageni."

Kijana akaketi kwenye ngazi ya gari, akafunika uso kwa viganja. Alipovitoa macho yalikuwa mekundu. "Sikukuomba ufanye hivyo."

"Najua. Wala mimi sikuombi uzamishwe."

Simu ya Sindano ikaita. Alikuwa baba yake, ambaye kwenye simu huongea kama anahutubia uwanja mzima.

"Umemkuta? Mpe simu!"

King'ora akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, siku ile binti yangu alinitazama, na mimi nikamtisha kwa macho. Kosa lake lilianzia kwangu. Unisamehe." Mzee akakohoa. "Sheria ya meza yetu siwezi kuibadili peke yangu, sitaki nikudanganye. Lakini kumwita mtu ndugu hakuhitaji kikao. Nimekunywa nawe chai mara ngapi, na sikuwahi kukuuliza Bwana amekutendea nini. Naomba nije kwa mama yako, nimsikie mwenyewe."

"Mzee," King'ora akasema, "baba wa binti akija kwetu, mama atauliza ameleta posa au mahubiri."

Mzee akacheka, kicheko kilichochanganyika na kitu kingine. "Posa utaileta wewe. Mimi nitakuja na shukrani."

King'ora akamrudishia Sindano simu. "Umesikia? Baba yako kasema nilete posa."

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia."

"Nilete?"

"Lete," Sindano akasema, na machozi yakamtoka.

King'ora akamshika mkono. "Zitakuwepo Jumapili ngumu, mpenzi. Kwenu na kwetu."

"Najua. Tutakaa benchi moja."