Mjomba Si Mwenye Nyumba

Mwaka 1973 Felismina na mumewe Jasinto walikuwa wapangaji Rahaleo, mjini Mtwara. Chumba chao kilikuwa kimoja. Humo walilala wao wawili, watoto wao watatu, na mbao za Jasinto, maana Jasinto alikuwa fundi seremala. Mteja akichelewa kuchukua kitanda chake, watoto walifurahi, wakakilalia mpaka mwenyewe aje.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita, na kila chumba na kabila lake. Mbele walikaa Wayao. Pembeni yao alikaa Mmwera na mkewe Mmakua. Nyuma alikaa Mngoni mmoja mwenye redio. Choo kilikuwa kimoja tu. Kila asubuhi makabila yote yalikutana mlangoni pa choo, kila mtu na kopo lake la maji, na hapo wote walizungumza Kiswahili safi kabisa.

Felismina na Jasinto walikuwa Wamakonde. Walizaliwa Kitaya, baada ya wazazi wao kuvuka mto Ruvuma kukimbia kazi za shuruti za Wareno. Mjini walikuwa na mwaka wa saba. Asubuhi Felismina aliuza mihogo ya kukaanga sokoni. Alasiri alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima, na alikwisha jua kuandika jina lake.

Siku moja mwenye nyumba aliwaita. Mwanawe anaoa, akasema, na chumba anakitaka mwisho wa mwezi. Felismina alizunguka mtaa mzima akiuliza vyumba. Wenye vyumba waliwatazama kwanza wale watoto watatu, halafu wakasema chumba kimekwisha pata mtu. Akawa anarudi amechoka, na hofu imemjaa.

Jumamosi Jasinto alirudi akipiga mluzi.

"Mama Amelia, acha kuhangaika! Nimenunua nyumba."

"Nyumba? Wewe?"

"Mimi! Ile ya marehemu Abdulrahmani, nyuma ya madrasa. Vyumba vinne na ua mpana. Nimekwisha toa arubuni, nusu ya bei."

"Akiba yetu yote?"

"Yote."

"Umempa nani?"

"Mzee Chande. Ndiye mjomba wa watoto wa marehemu. Mjomba akishasema, nani tena wa kusema?"

Felismina naye aliona sawa. Kwao Kimakonde mjomba ndiye msemaji wa ukoo. Posa hupelekwa kwa mjomba, kesi hupelekwa kwa mjomba, na mali ya ukoo ipo mikononi mwake. Sasa fedha wampe nani zaidi ya mjomba? Felismina akapiga kigelegele hadi yule Mngoni akapunguza redio ili asikilize kuna nini.

Kesho yake alibeba ndoo na ufagio akaenda kuiona nyumba yake. Ilikuwa imefungwa, na ua umejaa majani makavu. Akafunga kanga kiunoni, akaanza kufagia huku anaimba. Alikuwa amefika katikati ya ua alipoingia mwanamke mmoja kijana, amevaa buibui.

"We mama! Nani amekutuma kufagia kwa baba yangu?"

"Hapa ni kwangu," Felismina alijibu kwa furaha. "Tumenunua. Mjomba wenu Chande ametuuzia."

"Ati nini?"

Mwanamke yule alikuwa Fauzia, binti wa marehemu, aliyeolewa Mikindani.

"Mjomba Chande ni kaka wa mama yangu. Nyumba hii ameijenga baba. Mjomba hana humu hata ufito mmoja!"

"Lakini si mjomba wenu?"

"Ni mjomba wetu, na nikimwona namwamkia. Nyumba si yake! Na nyinyi Wamawia, Wamakonde wa ng'ambo ya mto, mkiingia hapa mtapika pombe na kufuga nguruwe ubavuni mwa madrasa. Haiwi!"

Akamnyang'anya Felismina ufagio, akautupa nje ya ua. Felismina akauokota, akarudi nao ndani. Fauzia akautupa tena. Hapo ndipo alipotokea Bi Mwaisha, jirani wa ukuta kwa ukuta, mikono imejaa unga. Bi Mwaisha alikuwa balozi wa nyumba kumi, na mtaa mzima ulimjua kwa sauti yake.

"Lahaula! Watu wazima mnapigania ufagio? Hebu njooni barazani kwangu, watoto wasiwaone."

Aliwapa maji. Akamsikiliza huyu, akamsikiliza na yule. Kisha akamgeukia Felismina.

"Mama Amelia, kwenu mjomba ndiye mwenye neno. Sikatai. Lakini marehemu alikuwa Mwislamu, na mirathi yake inakwenda kwa sheria ya dini yake. Wazazi wake walikwisha tangulia. Warithi ni mkewe, Bi Mwanaamina, na watoto wake wawili, Hassani na huyu Fauzia. Chande ni ndugu wa mke. Hamo."

"Basi tumeibiwa," alisema Felismina, na machozi yakamtoka. "Akiba ya miaka saba, Bi Mwaisha!"

"Chande nitamwita leo hii. Lakini nyinyi nanyi! Mtu anatoa fedha yake yote bila kuuliza hata jirani? Mimi nipo hapa kila siku. Ningewaambia bure."

Mzee Chande alikuja baada ya sala ya alasiri, kofia mkononi. Hakubisha. Dada yake alimwomba atafute mnunuzi tu. Alipoziona zile noti, tamaa ikamshika. Akasema moyoni kwamba wenyewe atawaeleza baadaye.

"Fedha ziko wapi?" Bi Mwaisha aliuliza.

"Nimenunulia bati za nyumba yangu."

"Zimekwisha pigwa misumari?"

"Bado."

"Basi zirudi dukani. Na mimi nakufuata nyuma."

Zilirudi kweli. Siku ya tatu Jasinto alipata fedha zake zote mbele ya Bi Mwaisha, akashusha pumzi.

"Sasa tutafute pengine," alimwambia mkewe nyumbani, huku anapiga randa ubao. "Kwa watu hawa mambo ni mengi. Kwetu mjomba anasema, kwisha."

Felismina akauliza jambo ambalo hata yeye hakuwahi kulifikiri kabla ya siku ile.

"Baba Amelia, tukinunua nyumba, na wewe ukifa, atasema nani juu ya nyumba hiyo?"

"Wapwa zangu."

"Na mimi na watoto?"

Jasinto aliendelea kupiga randa ubao uliokwisha nyooka zamani.

"Baba alipokufa, wapwa zake walimtoa mama yangu nje kule Kitaya," Felismina akasema. "Kitanda nje, vyungu nje. Nilikuwa namsaidia kubeba. Sitaki Amelia anibebee mimi."

"Maneno gani hayo ya kifo?" Jasinto alinung'unika. Lakini randa ilisimama.

Wiki ile Hassani alifika kutoka Nachingwea alikofanya kazi. Bi Mwaisha akawakusanya warithi wote barazani kwake, na wanunuzi pia, maana Felismina alimwambia bado wanaitaka nyumba. Bi Mwanaamina, mjane, alitaka kuuza, maana alikwisha hamia Mikindani kwa binti yake. Hassani alitaka kuuza. Fauzia alikataa.

"Yeye si mmoja tu?" Jasinto alimnong'oneza Bi Mwaisha. "Wenzake wawili wamekubali."

"Hata mmoja ni mrithi," Bi Mwaisha alimjibu kwa sauti kubwa, wote wasikie. "Na awe mwanamke, ana fungu lake. Ukinunua yeye hataki, baba, umenunua kesi."

Felismina aliona nyumba inampita mkononi. Akasimama.

"Dada Fauzia, nitakwambia kweli. Kwetu mabibo yakiiva tunapika pombe ya uraka, na mimi najua kuupika. Hapa sitaupika. Nguruwe sijafuga maishani mwangu. Chumba chenyewe hatutoshi sisi, nguruwe angelala wapi?"

Hassani alicheka. Fauzia hakucheka.

"Nataka nikuulize," Felismina akaendelea. "Wewe mwenyewe unataka nini na nyumba hii?"

Fauzia alimtazama, akafunika uso kwa ukaya wa buibui, akalia.

"Tangu baba afe, hakuna aliyeniuliza," alisema. "Mjomba anaitafutia mtu, kaka anaandika barua, mimi nasikia habari njiani. Nataka hitima ya mwaka ya baba isomwe ndani ya nyumba yake. Basi. Ikisha somwa, iuzwe."

"Ni lini?"

"Baada ya miezi miwili."

Jasinto alishika kichwa. Chumba chao kilikuwa na siku tisa tu! Felismina alijua hivyo, lakini alisema, "Tutangoja."

"Mtangoja wapi?" Fauzia aliuliza. Akapangusa macho. "Kile chumba cha uani ni kitupu. Ngojeni mle, na ua mfagie. Mmeuanza wenyewe."

Miezi ile miwili haikupotea bure. Bi Mwaisha aliwapeleka warithi Mahakama ya Mwanzo, na Hassani akawekwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kisha Bi Mwaisha akampeleka Jasinto ofisi ya ardhi.

"Ardhi ni mali ya umma," alimweleza njiani. "Unachonunua ni nyumba na haki ya kukaa pale. Kwa hiyo uliza kwanza kiwanja kimeandikwa jina la nani. Uliza kama kodi yake imelipwa. Na siku ya kutoa fedha, toeni mbele ya mashahidi, mpate stakabadhi. Kupeana mkono tu hakutoshi."

Waliuliza. Kodi ya kiwanja ilikuwa na deni la miaka miwili. Warithi wakakubali kulilipa kwanza. Kama wangenunua kwa Chande, deni lile lingewaangukia Jasinto na mkewe.

Siku ya hitima Felismina alikuna nazi tangu alfajiri. Mikono iliwaka moto. Watoto wa madrasa walisoma, wakala pilau mpaka wakashindwa kuinama. Mzee Chande alikuja pia. Jasinto alimwamkia, naye akaitikia akitazama chini.

Wiki iliyofuata wote walikwenda ofisini. Jasinto alitoa nusu ya bei akapewa stakabadhi, na warithi wakakubali nusu ya pili ilipwe kidogo kidogo kwa mwaka mmoja. Bi Mwanaamina alitia dole gumba. Hassani na Fauzia walitia sahihi. Bi Mwaisha alishuhudia. Karani akachovya kalamu.

"Haya. Jina la mnunuzi?"

Jasinto alimtazama mkewe, kisha akasema, "Andika sisi wawili. Jasinto na Felismina. Mimi nikifa, asije mtu kumtoa."

Karani aliinua uso. "Mwanamke naye?"

"Ati mwanamke naye!" Fauzia aliruka. "Mimi si mwanamke? Mbona nimeuza?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na karani mwenyewe akacheka. Felismina hakucheka. Alishika kalamu kwa nguvu, akaandika jina lake herufi moja moja, akahema, akaandika na nukta mwishoni.

Sasa ni mwaka wa pili wamo katika nyumba ile. Jasinto anapigia randa uani, na watoto wanalala kwenye kitanda chao wenyewe. Fauzia akija mjini hufikia hapo. Watu wakitaka kununua nyumba ya urithi Rahaleo, huja kwanza kumwuliza Felismina. Yeye huwakaribisha mihogo, huwasikiliza mpaka wamalize habari za bei na vyumba na ua. Halafu huwauliza:

"Na binti wa marehemu, yeye amesemaje?"