Kiti cha Kushoto

Jioni ile nilikuwa natoka Tarime mjini kuchukua chanjo za watoto. Safari ya kawaida. Kila mwezi naenda, naweka sanduku la barafu nyuma ya gari, nalifunga kamba lisirukeruke, nanunua mkate na sukari, halafu narudi kabla giza halijaingia. Mimi ni muuguzi mkunga. Kwetu ni Tukuyu, jina langu Bupe, na serikali ilinileta huku Tarime mwaka wa tisa sasa.

Zahanati yetu iko ndani, mbele ya Nyarero, kwenye barabara ya vumbi. Haina gari la wagonjwa. Gari la wagonjwa lilikuwa langu: gari kubwa la kupanda milima, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, nililolinunua mwenyewe kwenye kampuni ya magari pale mjini. Wanawake wengi wa vijiji vile wamelipanda usiku wakiwa na uchungu. Wawili walijifungulia humo humo.

Siku hiyo lilikuwa limetoka sevisi siku tatu tu zilizopita. Kampuni walikuwa wamelikalia tangu Ijumaa hadi Jumatatu, wakisema wanangoja spea kutoka Mwanza. Lakini walilirudisha likiwa linang'aa. Viti vya mbele walikuwa wamevivisha makava mapya, meusi, yananukia duka.

"Hiyo ni zawadi, mama," Eric aliniambia. Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa sevisi, kijana wa shati jeupe na maneno matamu. "Kampuni inawajali wateja wake waaminifu."

Nilimshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili nikamshukuru.

Basi nilipita Nyarero jua likiwa limeshazama, taa nimewasha. Nilikuwa peke yangu. Nikafika kwenye kona yenye kalavati, pale barabara inapobana katikati ya mashamba ya mihogo.

Ti. Ti. Ti. Ti.

Taa nyekundu ikawaka mbele yangu. Ile yenye mchoro wa mtu aliyekaa, mkanda umepita kifuani. Gari langu hulia hivyo abiria wa mbele anapokaa bila kufunga mkanda.

Niliangalia kiti cha kushoto. Hakikuwa na kitu. Hata mkoba wangu ulikuwa nyuma.

Nikafanya wanachofanya madereva wote. Nikavuta mkanda wa kile kiti huku naendesha, nikauchomeka mahali pake. Mlio ukakata. Nikacheka kidogo, nikaongeza mwendo.

Kach.

Ile sauti ya mkanda kuachia. Niliuona ukirudi juu taratibu, kama umeachiwa na mkono uliochoka.

Ti. Ti. Ti. Ti.

Harufu ikaja. Maziwa. Maziwa yaliyolala, yameanza kuchacha, na ndani yake kitu kingine ambacho mkunga yeyote anakijua, harufu ya chuma ya damu iliyokaa. Niliweka kiganja juu ya kiti.

Kilikuwa cha moto.

Sikusimama. Nilikanyaga mafuta. Gari lililia mpaka kwenye kibao cha zahanati, kile kilichochongwa mshale, nusu kilomita kabla ya kufika. Pale likanyamaza. Harufu nayo ikaisha, kama mtu ameshuka nayo.

Asubuhi nilirudi kwa Eric. Akachomeka mashine yake ya kupimia, akasubiri, akasoma.

"Mashine inasema gari halina shida."

"Linalia, Eric. Kiti hakina mtu na linalia."

"Labda uliweka mzigo. Hata mfuko wa sukari unatosha kuidanganya sensa ya kiti."

Nikarudi nyumbani. Jioni likalia. Kona ile ile hadi kibao kile kile. Mchana nikipita, kimya. Nikarudi tena kwa Eric, mashine ikasema tena gari ni zima. Safari hiyo aliniongelesha polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Akaniuliza kama huwa nalala vizuri.

Silali vizuri, ndiyo. Kuna sababu.

Jumamosi ile gari langu likiwa bado kwa kampuni, watu walimleta Wegesa zahanati wakiwa wamembeba kwenye mlango uliong'olewa. Wegesa alikuwa mke wa Nchagwa, mfugaji wa kijiji chetu. Kila jioni alipeleka maziwa Nyarero kwa miguu. Alipokuwa na uchungu wa mtoto wake wa mwisho nilimpeleka mimi hospitali, alikaa kwenye gari lile lile akiniminya bega. Walimkuta kwenye majani chini ya kibao chetu. Kifua kimebonyea, nguo zimelowa maziwa. Gari limemgonga likakimbia, walisema.

Alikuwa anavuja ndani. Alihitaji chumba cha upasuaji, na mimi nilikuwa na dripu mbili na tochi. Tukapiga simu kila mahali kutafuta gari. Yeye alinishika gauni, akawa anasema maneno mawili tu.

"Gari lako... sista... gari lako..."

Nilijua anaomba nimpeleke. Nikamwambia, "Gari liko kwa fundi, mama. Vumilia." Akatikisa kichwa. Akarudia. Akafa akirudia.

Kwa hiyo nilipoona gari linanyamaza palepale alipookotwa, nilifikiri nimeelewa. Nilifikiri ananidai ile safari ambayo sikumpa. Lakini kwa nini lianze kulia kule kwenye kona? Hilo lilinishinda.

Mara ya tatu sikubishana na Eric.

"Panda," nikamwambia. "Kaa wewe kushoto, ulisikie mwenyewe. Halafu uandike kwenye karatasi zako kwamba mimi ni mwongo."

Alicheka. Bosi wake alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza, kwa hiyo Eric asingeweza kukataa. Tukaondoka Tarime saa kumi na mbili kasoro. Mwanzoni aliongea sana, habari za oili, habari za matairi. Akafunga mkanda vizuri, akaupigapiga nione umakini wake.

Tulipopita Nyarero akapunguza maneno.

"Lazima tupite huku?" akauliza.

"Huku."

"Nilidhani kuna njia nyingine."

"Hakuna."

Akageuza uso dirishani. Giza lilikuwa linaingia. Taa zikamulika mihogo, zikamulika ukingo wa kalavati.

Ti. Ti. Ti. Ti.

Eric alishika mkanda wake. Ulikuwa umefungwa. Akaukaza. Ile taa nyekundu ilikuwa inawaka vilevile.

"Nimefunga," akasema. Si kwangu. "Nimefunga..."

Harufu ya maziwa ikajaa gari zima.

"Unaisikia?" nikanong'ona.

"Geuza gari, mama."

"Kwa nini?"

"Geuza. Nakuomba. Geuza."

Niliendelea kuendesha. Nilimtupia jicho, na nilichokiona bado nakiona nikifumba macho. Eric alikuwa anasogea. Kidogo kidogo, anajibana kwenye mlango, amekunja bega, amebana miguu upande mmoja.

Alikuwa anampisha mtu kwenye kiti.

"Ilikuwa inalia hivi hivi," akasema kwa sauti ya mtoto. "Njia nzima ilikuwa inalia."

"Lini?"

Ti. Ti. Ti.

"Lini, Eric?"

"Jumamosi. Nililichukua mara moja tu. Kulikuwa na sherehe upande wa Susuni, kwa kina mchumba wangu. Watu waone nimefika na gari. Ningelirudisha usiku, nani angejua?" Alikuwa analia sasa, makamasi yanamshuka kwenye lile shati jeupe. "Alitokea kwenye kona na kidumu kichwani. Sikumwona. Haki ya Mungu sikumwona. Nilimwinua, nikamweka hapa. Hapa. Nikamwambia ajifunge mkanda, mikono haikuweza. Na hii kitu inalia, inalia, na yeye ananiangalia..."

"Ulikuwa unampeleka wapi?"

"Kwako."

Nikapunguza mwendo.

"Nilikuwa nampeleka zahanati, mama. Kweli tena. Nikaona kibao. Nikakumbuka gari ni la nani."

Nikaona kibao hicho hicho kinakuja kwenye mwanga wa taa, na mshale wake. Nusu kilomita. Wegesa alifika hadi nusu kilomita kutoka mikononi mwangu, akiwa hai, ndani ya gari langu. Akateremshwa kwenye majani ili mimi nisilitambue. Na saa nzima aliyolala pale, mimi nilikuwa nakunja mashuka.

Gari lako, sista.

Hakuwa anaomba lifti. Alikuwa ananiambia.

Nilikanyaga breki. Mlio ukakata. Mikono ya Eric ilikuwa usoni kwake, yote miwili, niliiona. Mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe, taratibu, mpaka mwisho. Taa ya ndani ikawaka. Majani ya kando ya barabara yakalala chini kidogo, hatua moja, ya pili, ya tatu. Halafu yakainuka.

Eric alijirusha nje akakimbia kurudi tulikotoka.

Watu wasioijua Tarime wananiuliza kwa nini sikupiga yowe. Ningepiga moja tu, wanaume wangetoka kila boma na marungu, na Eric asingefika kwenye ile kona. Nilikaa kimya. Nimejaribu kujiambia kwamba ilikuwa huruma. Sijui. Gari lilikuwa la kwangu, limesimama pale mlango wazi, na ningeanza vipi kuwaeleza?

Usiku huo huo nilimpigia polisi mmoja ninayemfahamu, Mseti, mtu mzima karibu na kustaafu. Alinisikiliza bila kunikata. Akaniuliza kama kuna kitu cha kushikika, maana mlio wa gari haupelekwi mahakamani. Nikachukua mkasi wa kukatia kitovu, nikachana lile kava jeusi la kiti cha kushoto.

Chini yake sponji ilikuwa kahawia. Ilikuwa bado mbichi.

Kabla gari halijachukuliwa, nilikwenda kwa Nchagwa. Nilimkuta anafunga zizi. Nilimsalimia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitaweza kumaliza. Nilingoja anipige. Alimalizia kufunga zizi.

"Huyo kijana alimwinua mwenyewe?" akauliza.

"Anasema alimwinua."

"Alimpakia, halafu akamshusha."

"Ndiyo."

"Angemwacha tu pale kwenye kona," akasema Nchagwa. "Watu wa kule wana pikipiki."

Aliingia ndani akafunga mlango, na mimi nikarudi kwa miguu.

Eric alikamatwa nyumbani kwao. Siku ya pili alikana kila kitu. Kampuni walileta daftari la getini, linaonyesha gari langu halikutoka uani tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Mwandiko ni safi sana. Sponji ilipelekwa kupimwa na majibu hayajarudi. Kesi imetajwa mara sita. Kampuni waliniandikia barua kwamba kwa kuchana kava nimevunja masharti ya garantii.

Gari lipo uani kwa polisi. Ni kielelezo, haliguswi mpaka kesi iishe. Zahanati tunabeba wajawazito kwa pikipiki. Mwezi uliopita mmoja alijifungua njiani, mtoto hakuishi.

Wazee wa ukoo wa Nchagwa walikaa wakasema Wegesa hajafika nyumbani. Mwili umezikwa lakini mwenyewe bado yuko safarini, na lazima akachukuliwe pale alipokaa, kwenye kiti cha gari, aitwe kwa jina, aongozwe hadi mlangoni kwake. Wiki iliyopita Nchagwa aliniomba nimsindikize. Alivaa koti lake la kanisani. Tulifika polisi saa nne asubuhi, jua kali.

Mseti alitupokea. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia bila kutuangalia usoni. Niliona askari wa zamu wamehamisha benchi lao hadi upande wa pili wa uwanja, mbali na kivuli, mbali na gari.

Tulisimama kwenye kamba waliyozungushia. Gari lilikuwa limejaa vumbi. Betri walishaitoa. Vioo vilikuwa vikavu, vumbi limeganda hata huwezi kuona ndani.

Isipokuwa kioo cha kushoto. Hicho kilikuwa na ukungu, kwa ndani, duara dogo usawa wa mdomo wa mtu aliyekaa. Duara lilipungua. Likakua. Likapungua...

Nchagwa alivua kofia.

"Bado anapumua," akasema.

Aligeuka kwa Mseti, akamwomba ufunguo, dakika tano tu, amwite na waondoke. Alimwomba kwa adabu sana. Mseti alifuta jasho shingoni. Akasema angependa, kweli angependa, lakini ufunguo uko kwa mkubwa, na mkubwa yuko Musoma kikazi, na hata akirudi itahitajika barua.

Nchagwa akauliza barua hiyo inaandikwaje.