Jasho la Bibi Nipish

Zamani, kila kiangazi, barafu ikishayeyuka, Wainnu, wenyeji wa misitu ya Kanada, walishuka kutoka misituni hadi Tadoussac, mahali ambapo mto wa Saguenay unaingia kwenye mto mkubwa. Walipiga mahema yao ya magome ufukweni. Wanawake walibanika samaki na mbwa waligombea vichwa vya samaki hao. Kila mtu alijipiga makofi shingoni na mashavuni, maana mbu wa huko, jamani, hawana adabu.

Shikuan aliishi hema moja na mumewe, Maikan, na mama mkwe wake, Bibi Nipish. Asubuhi hiyo alikuwa akimpaka bibi mafuta ya sili mikononi ili mbu wasimsumbue. Mikono hiyo ilikuwa imekonda. Baridi iliyopita iliwatesa sana. Shoka lao la chuma lilivunjika katikati ya msimu, na bila shoka hawakuweza kuvunja nyumba za biva.

Biva ni mnyama wa majini mwenye mkia bapa. Hujenga nyumba yake kwa miti na matope, na baridi ikija matope hayo huganda yakawa magumu mno. Nyama ilikuwa mle ndani, nao walikuwa nje, mikono mitupu. Kila walipopata chakula kidogo, Bibi Nipish alisema ameshiba. Alikuwa anadanganya, na Shikuan alijua.

"Mwaka huu hatuondoki hapa bila shoka," alisema Shikuan.

"Na sufuria ya shaba," alisema bibi. "Nimechoka na supu ya kuchemshwa kwa mawe ya moto. Kila nikinywa natafuna mchanga."

"Utatafunaje, Mama, na meno huna?"

"Ndiyo maana nalalamika! Nyie wenye meno hamjui taabu."

Walicheka wote wawili. Kisha Shikuan akakunja joho la bibi, wakaenda ufukweni kwa mfanyabiashara wa Kifaransa aliyekuja na meli.

Joho hilo lilikuwa la ngozi sita za biva zilizoshonwa pamoja. Wainnu huvaa manyoya yakiwa ndani, yakigusa mwili. Bibi Nipish alikuwa amelivaa kwa baridi mbili. Alilala nalo, akapika nalo, akakokota mizigo nalo kwenye theluji. Manyoya marefu magumu yalikuwa yamepukutika yote. Yalibaki yale mafupi laini ya chini, yamekolea mafuta na jasho lake.

Mfanyabiashara aliitwa Robilon. Alikuwa mtu mfupi mwenye sharubu, na lugha ya Wainnu aliijua kidogo tu, ya kufanyia biashara. Alilikunjua joho. Akalipitishia vidole taratibu. Akamgeukia karani wake, akasema, "Gra!" Kisha akawageukia wanawake, akaziba pua.

"Gra! Gra sana!" alisema. "Hii chafu. Hii nuka. Mama huyu oga hapana?"

Mabaharia wakacheka. Bibi Nipish alikuwa amesimama mabega wazi mbele yao, kwa kuwa joho lake lilikuwa mikononi mwa yule bwana. Aliinamisha kichwa.

"Shoka moja," alisema Shikuan. "Na blanketi, kwa sababu mama yangu hatabaki na kitu cha kujifunika."

"Shoka? Kwa uchafu huu?" Robilon alitikisa kichwa. "Kisu kimoja. Shanga kidogo. Mimi ona huruma tu."

Hivi huruma gani hiyo ya mtu aliyeziba pua? Lakini pale kambini kila mtu aliamini kwamba "gra" maana yake ni kunuka. Robilon alilisema hilo neno kila alipoona joho la zamani. Hata watoto walitaniana nalo. "Usinisogelee, wewe gra!" Watu walitoa majoho yao kwa visu na shanga, tena wakashukuru kwamba uchafu wao umepata wa kuuchukua.

Shikuan alimnyang'anya Robilon lile joho. Damu ilimchemka njia nzima.

"Mama yangu hachekwi tena," alisema walipofika hemani. "Nitalifua joho hili mpaka ling'ae."

"Ulifue?" Bibi Nipish alishangaa. "Jasho ni langu, na mimi halijawahi kunisumbua."

"Linamsumbua mwenye shoka, Mama."

Wanawake wa Kiinnu wanajua kazi ya ngozi, na Shikuan alikuwa fundi hasa. Alilisugua joho kwa majivu na mchanga. Akalisuuza mtoni mara nne. Akalikanda kwa ubongo wa mnyama ili lisikakamae, akalinyoosha, akalikausha. Kabla ya kulifua alikuwa amezifumua ngozi mbili zilizochakaa zaidi, akamtupia mbwa azilalie. Mahali pake akashona ngozi mbili mpya, zenye manyoya marefu yanayometameta. Kazi ilimchukua siku tatu na vidole vilimchubuka. Joho likatoka zuri la kuvaa kwenye sherehe.

Siku ya nne alirudi kwa Robilon, kichwa juu.

Robilon alilitazama joho. Akalinusa. Uso ukambadilika.

"Gra wapi?" aliuliza.

"Hakuna gra," alijibu Shikuan kwa fahari. "Nimeiondoa yote. Safi!"

"Umeondoa?" Robilon alishika kichwa. Akapiga kelele kwa lugha yake, akakanyaga chini kama mtoto aliyenyimwa kitu. "Wewe haribu! Haribu kabisa!"

"Nimeharibu nini? Si wewe uliyesema ni chafu?"

Robilon alimwekea sindano mbili mezani, akamgeuzia mgongo.

Shikuan alirudi nyumbani akiwa haelewi. Joho lilipokuwa chafu lilipata kisu. Lilipokuwa safi lilipata sindano. Alikaa nje ya hema, akaliweka magotini. Alijiona mjinga, na baridi ijayo aliiona inakuja na njaa yake ile ile.

Alasiri hiyo Robilon alipita kambini akijifanya anatembea tu. Alichungulia hema hili na lile. Alipofika kwa Shikuan alimwona mbwa, na chini ya mbwa akaziona zile ngozi mbili kuukuu. Akaangaza macho huku na huku. Akamtupia mbwa kipande cha mkate mkavu wa melini. Mbwa alipoinuka, bwana mkubwa huyo akainama, akazivuta zile ngozi, akazisokomeza ndani ya koti lake!

Mbwa aliuona mkate haufai. Alimrukia, akamshika suruali kwa nyuma.

"Mwizi!" alipiga kelele jirani yao, Uapikun. "Mwizi wa matandiko ya mbwa! Njooni muone!"

Kambi nzima ilitoka. Robilon alizitupa zile ngozi, akakimbilia ufukweni ameshika suruali yake iliyochanika. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ila Shikuan hakucheka.

"Dada Uapikun," alisema, "wewe umekaa na hawa watu. Hebu niambie. Mtu anayeziba pua mbele ya mama yangu anaiba vipi tandiko la mbwa?"

Uapikun alikuwa mjane. Baridi mbili alikaa kwenye nyumba ya Wafaransa huko juu ya mto. Alikuwa akiwasukia nyavu za viatu vya theluji, akajifunza lugha yao. Ndiyo kwanza alikuwa amewasili kambini jana yake. Aliokota zile ngozi, akakung'uta manyoya ya mbwa.

"Alisema nini alipoliona joho mara ya kwanza?"

"Alisema gra. Yaani linanuka."

"Nani kakwambia gra ni kunuka?"

"Yeye! Aliziba pua."

"Pua aliziba, lakini neno lilisema kweli. Gra kwao ni mafuta, mdogo wangu. Ni joho lililovaliwa mpaka likakolea mafuta ya mwili. Hilo ndilo bora kuliko yote. Ngozi mpya wanaiita sek, maana yake kavu, na hiyo thamani yake ni ndogo."

"Bora?" Shikuan alisimama. "Bora kwa kazi gani?"

"Kofia. Huko kwao wakubwa wanavaa kofia za manyoya ya biva. Wanachukua yale mafupi laini, wanayakanda mpaka yashikane yawe kitambaa kizito. Manyoya marefu wanayachukia, na kuyang'oa moja moja ni kazi ngumu sana. Sasa sisi tukivaa joho baridi mbili, yale marefu yanapukutika yenyewe, na jasho letu linayafanya yale mafupi yashikane vizuri. Tunawafanyia kazi ya mafundi wao, usiku na mchana, kwa ngozi ya miili yetu."

Bibi Nipish aliinua kichwa.

"Kwa hiyo wanavaa jasho langu kichwani?"

"Kichwani, Bibi. Na kanisani wanaenda nalo."

"Na mimi nilisimama pale mabega wazi, nikaona aibu!" alisema bibi. "Umri wangu huu! Nikaona aibu mbele ya mtu anayelia kwa kukosa jasho langu!"

Shikuan alilia kwa hasira. Si shoka peke yake lililomuuma. Kuibiwa kunauma, lakini huyu aliiba kwanza heshima ya mtu ili ngozi imfikie bure. Huo ni unyama.

Maikan alikuwa amerudi kutoka kuvua. Alisikia yote, akatupa kamba za samaki chini.

"Nakwenda kumvunja zile sharubu," alisema.

"Ukimpiga leo atasema sisi ni wakorofi, na majoho atayapata kwa wengine," alisema Uapikun. "Tumpige panapomuuma. Mmebaki na majoho mangapi?"

"Mawili. Langu na la Shikuan."

"Yamefuliwa?"

"Nilitaka kuyaanza kesho," alisema Shikuan.

"Mshukuru mbwa wako. Sasa nisikilizeni. Meli ya pili iko njiani, na mwenye meli hiyo hapatani kabisa na Robilon. Wakiwa wawili watashindana. Mtu yeyote asitoe joho mpaka meli ya pili itie nanga. Tuchague wanawake watatu wa kusema kwa niaba ya wote. Na mtu akikwambia kitu chako ni kibaya, muulize anakwenda kukifanyia nini."

Shikuan alipita hema kwa hema, na zile ngozi alizolalia mbwa mkononi. Alieleza habari ya gra kwa kila aliyemsikiliza. Wengine walicheka na wengine walitukana. Mzee mmoja aliyetoa majoho manne kwa visu vinne alikaa chini, hakutaka hata kula.

Siku ya kwanza Robilon alikaa ufukweni peke yake. Siku ya pili alileta shanga zaidi. Siku ya tatu aliwaita watu majina mabaya. Hakuna aliyemsogelea, na Bibi Nipish kila asubuhi alipita mbele yake pole pole, ameziba pua.

Siku ya tano meli ya pili ilitia nanga.

Shikuan, Uapikun na mwanamke mmoja mzee waliweka majoho yote pamoja juu ya mwamba. Wafanyabiashara wote wawili wakaja mbio. Robilon aliinua joho la Maikan.

"Hii chafu kidogo..." alianza.

"Ni gra," alisema Shikuan, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Gra, siyo sek. Kama unaona chafu, liweke chini. Mwenzako yuko hapo nyuma yako."

Robilon hakuliweka chini. Alibishana, akaapa, akajifuta jasho, akabishana tena. Kila alipotaja kitu, mwenzake wa meli ya pili alitaja zaidi. Jua lilipofika utosini, Shikuan na Maikan walikuwa na shoka jipya, sufuria ya shaba na blanketi mbili nzito. Mahema yote kambini yalipata kitu cha maana. Yule mzee wa visu vinne alipewa shoka na majirani zake.

Joho la Bibi Nipish lililofuliwa halikupata mtu. Bibi alilivaa mwenyewe, akarudi nalo msituni.

Baridi ilikuja, kali kama ile iliyopita. Lakini safari hii Maikan alivunja barafu kwa shoka, na nyama ikaingia kwenye sufuria ya shaba. Bibi Nipish alikula mkia wa biva, sehemu yenye mafuta, na alipokataa kuongezwa, Shikuan aliamini kwamba ameshiba kweli.

Kiangazi kilipofika walishuka tena Tadoussac. Robilon alikuwapo, na suruali mpya. Alimwona Bibi Nipish akiota jua, amejifunika joho lake. Akamkaribia kwa adabu, kofia yake ya manyoya ya biva mkononi, akainama kunusa ukingo wa joho.

"Gra?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Bado," alisema bibi. "Lina baridi moja tu. Ukiwa na haraka nitakuazima ulivae wewe. Nenda nalo kwenye theluji, ukokote mizigo, utoe jasho lako mwenyewe."

Uapikun alimtafsiria neno kwa neno, bila kupunguza. Robilon alivaa kofia yake, akaivua, hakujua aishike wapi.

"Nayo hiyo kofia," alisema bibi, "ioshe. Inanuka mtu nisiyemjua."